Funsani, Simu na Jina la Mlima

Kijiji cha Mtambalika,
Dedza, Malawi.
14 Juni 2024

Mpwa wangu mpendwa Lufeyo,

Hujambo, mtu wa ndizi? Dada yangu Esnati, mama yako, hajambo? Goti lake linasemaje na baridi hii? Mkeo je? Na wale mapacha, ambao mpaka leo hakuna aliyeniandikia yupi ni yupi? Ukinijibu, anza na hayo, mengine baadaye.

Sisi huku tunapumua. Baridi ya mwaka huu imekuja na hasira. Asubuhi navaa makoti mawili, na mke wangu Falesi, mkaza mjomba wako, ananiambia nafanana na gunia la viazi lililofungwa vibaya. Viazi vyenyewe vimekubali sana. Maharage yamegoma. Yule mbuzi mweusi unayemwulizia kila barua alikufa zamani, mpumzishe. Aliyepo ni mjukuu wake, naye ni mwizi vilevile.

Unisamehe mwandiko. Kalamu ni ya kuazima, na darasa la nne ni langu mwenyewe.

Nakuandikia kwa sababu nimechanganyikiwa, na wewe ndiye uliyesoma kuliko wote wa upande wa mama. Jambo lenyewe linamhusu Funsani, binti wa binti yangu Lezina, yule aliyezaliwa na kukulia Blantyre. Jina lake maana yake ni "ulizeni", na Mungu ni shahidi, anauliza. Anasomea ualimu wa jiografia. Tangu Aprili chuo kimemleta kwenye sekondari yetu ya kutwa kufanya mazoezi ya kufundisha, yeye na wenzake wawili, kijana mmoja Chikumbutso na msichana mmoja Nelia. Wale wawili wanalala nyumba ya shule, Funsani analala kwangu, lakini wote watatu wanakula kwangu.

Sasa sikiliza. Mwaka jana Funsani alifeli mazoezi hayo katika shule nyingine. Mkufunzi aliandika kwamba somo lake lilikuwa kavu. Chuo kikamwambia utarudia mara moja tu, na ukifeli tena kusanya daftari zako urudi kwenu. Kwa hiyo mtoto huyu alikuja kwangu na siku moja tu ya kuokoka: siku ambayo mkufunzi atakaa nyuma ya darasa lake, atazame, aandike.

Juu ya hilo walimpa ripoti ya kuandika, nayo inahusu maoni ya walimu wanafunzi juu ya kutumia teknolojia kufundisha jiografia. Mimi nilidhani maoni ni kitu cha kutoa mara moja na kunyamaza. Wale watatu walikuwa wanayatoa kila Jumamosi mchana mpaka nsima, ugali wetu, inapoa.

"Jiografia bila picha za setilaiti ni kusimulia ndoto," Chikumbutso anasema, huku anamega tonge. "Mtoto auone mto kutoka juu, aone ulivyojipinda."

"Na siku wingu limetanda, paneli ya jua imelala, utawaonyesha nini?" Nelia anamrukia. "Utalala chini wewe mwenyewe, ujipinde?"

"Nelia, wewe ungezaliwa zamani ungekataa hata chaki."

"Chaki haiishi chaji, kaka. Na mto uko pale nyuma ya choo cha Babu. Twende tukauone kwa macho, tulowe miguu."

"Nyuma ya choo changu hamwendi," nikasema mimi.

Funsani anacheka na kuandika yote. Yeye yuko katikati. Anaipenda simu, ila anaiogopa. Siku moja tukiwa peke yetu tunamenya viazi aliniambia, "Babu, mwaka jana niliongea tu mpaka watoto wakasinzia. Safari hii lazima waone kitu." Sauti yake ilikuwa ndogo. Nikamtania kwamba wakinisikiliza mimi hawatasinzia, akatabasamu kwa adabu tu.

Akanipa karatasi zake za maswali nizijaribu, ameziandika kwa lugha yetu, Kichewa. Kila sentensi ina majibu matano, unaweka alama kwenye moja: nakubali kabisa, nakubali, kaya, sikubali, sikubali kabisa. Wewe uliondoka huku ukiwa bado unanyonya, kwa hiyo nikukumbushe. Kwa Kiswahili cha huko kwenu, kaya ni nyumba na watu wake. Kwetu kaya ni neno la mtu anayeinua mabega: mimi sijui, shauri lako. Si tusi, lakini humjibu mkubwa wako hivyo kama unapenda meno yako.

Maswali yalikuwa ishirini. Niliweka alama kwenye kaya mara ishirini.

"Babu, huwezi kuwa kaya kote!"

"Umetaka ukweli au umetaka heshima?"

Basi akaamua kunifundisha simu, nipate maoni. Chuo kimemwazima kishikwambi, simu kubwa kama ubao wa kukatia nyama. Akafungua ramani. "Kile kidoti cha bluu ni wewe, Babu." Nikamwuliza, kama yule ndiye mimi, huyu aliyekaa kwenye kigoda ni nani? Akanipa nishike nitembee nacho. Nilikwenda nacho chooni. Niliporudi akaitazama ramani, akaniambia nimeingia Msumbiji na kutoka. Lufeyo, nimevuka mpaka wa nchi mbili bila hati yoyote, na mkanda wa suruali ukiwa bado haujafungwa.

Ndipo akatelezesha kidole, nikaona mlima wetu. Ule mmoja mkubwa, unaouona ukisimama mlangoni kwangu au kwenye dirisha la sekondari. Juu yake pameandikwa Mlima Kaya.

"Jina la ajabu," Funsani akasema. "Kwani mlima wenyewe haujui? Babu, kweli unaitwa hivyo?"

Aliuliza waziwazi, na mimi nikanywa chai, nikasema, "Majina ya zamani, mjukuu wangu, yana mambo yake." Nikacheka ndani ya kikombe. Nilitaka nione atachukua siku ngapi kugundua. Hiyo ni sababu moja. Sababu ya pili nilikuwa sijamwambia mtu tangu mwaka 1971, na sasa nakuambia wewe.

Unajua desturi yetu: mwanamume akioa anahamia kwao mke, anaitwa mkamwini, na anatazamwa kila hatua kama ng'ombe aliyenunuliwa juzi. Mimi nilikuwa na wiki mbili tu hapa Mtambalika. Baba mkwe alinizungusha kijiji kizima, ananionyesha, hiki kijito kinaitwa hivi, kile kilima kinaitwa vile, nami natikisa kichwa kwa heshima kubwa, sisikii lolote. Falesi alikuwa anatembea mbele yetu na mtungi.

Siku ya pili yake wakaja wapima ardhi na chombo cha miguu mitatu. Walitaka vijana wa kuburuta mnyororo wa kupimia, nikachukuliwa. Mzungu wao alikuwa na masikio mekundu na maneno kama kumi ya Kichewa. Akaunyooshea kidole mlima, akasema, "Jina?" Ningeweza kumwambia ngoja nikaulize. Lakini wakwe zangu walikuwa wamesimama pale wanatazama. Ningeulizaje mbele yao jambo nililoonyeshwa jana? Nikasema polepole, wasinisikie, "Kaya."

Akaandika. Akapindua ukurasa.

Ramani ilipofika kwa mwenyekiti wa kijiji miaka miwili baadaye, watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nikasema mzungu yule alikuwa kiziwi. Wakakubali. Miaka hamsini na mmoja sasa Mtambalika inajua kwamba mzungu alikuwa kiziwi.

Twende sasa kwenye siku yenyewe, Jumanne iliyopita. Mkufunzi alifika na pikipiki, mama mmoja wa kaskazini, Madam Chavula, mwembamba, miwani ya mnyororo shingoni. Betri ya kile kishikwambi ni mbovu. Bila waya wa paneli hakikai dakika tano. Kwa hiyo mimi nilipewa kazi ya kusimama nje ya dirisha na kuigeuza paneli ilifuate jua. Nilikuwa nasikia na kuona yote.

Nikuambie kweli, mtoto alifundisha. Watoto hamsini walikuja mbele kumi kumi, wakaona paa la shule yao kutoka juu, wakapiga kelele. Mmoja akamwona mbuzi wao, au jiwe. Funsani akawaambia: leo hatukisii, tunasoma ramani, ukiulizwa jina sema lililoandikwa. Walipofika kwenye mlima walicheka sana, akadhani wanafurahi. Mimi nilijua wanachocheka, nikacheka nao, na katika kucheka nikaisahau paneli. Jua likaenda zake. Kioo kikazimika.

Madam Chavula akainuka. Akaonyesha dirishani, juu ya kichwa changu, akamwuliza binti wa mstari wa pili kwa Kiingereza. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini mlima na jina nilivisikia.

Binti akasimama wima. "Kaya, madam."

Madam akamtazama. "Nini?"

"Kaya."

"Na wewe, kijana?"

"Kaya, madam."

Na darasa zima, ili kumsaidia mwalimu wao waliyempenda, wakaitikia kwa sauti moja: "Kayaaa!"

Lufeyo, wewe mwenyewe jiweke pale. Mtu ametoka mbali, anauliza swali la kwanza, na watoto hamsini wanamwinulia mabega. Funsani akasema, "Madam, hilo ndilo jina..."

"Mwalimu, usiwasaidie."

"Lakini kwenye ramani..."

"Ramani iko wapi?" Na kioo cheusi tii. Madam akakaa, akaanza kuandika, na aliandika kwa muda mrefu.

Niliona uso wa mjukuu wangu. Alikuwa amesimama na chaki mkononi hana pa kuiweka. Kicheko chote kiliniisha mwilini, nikabaki mtu mzee aliyeshika paneli.

Nikazunguka mpaka ofisi ya walimu. Nikavua kofia, nikachuchumaa mlangoni kama inavyopasa.

"Karibu, mzee. Ni mzazi?"

"Ni mwizi, madam. Nimekuja kukiri."

Nikamwambia yote, mnyororo, masikio mekundu, mtungi wa Falesi, vyote. Madam akavua miwani.

"Mzee, unataka kuniambia serikali iliandika 'sijui' kwenye ramani?"

"Serikali iliandika kaya, madam. Aliyesema sijui ni mimi."

"Na simu?"

"Simu imeiga kwa serikali. Nayo haikuuliza."

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Akamwita Funsani. "Ulikuwa unajua jina halisi la mlima huu?"

"Hapana, madam."

"Miezi miwili unaishi chini yake. Unauona dirishani ukifundisha. Wewe ni mwalimu wa jiografia."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Nilikuja kumtoa mtoto shimoni, kumbe nimemsukuma ndani zaidi. Nikasema kosa ni langu, aliniuliza nikamzuga. Madam akamgeukia Funsani. "Kesho saa mbili. Somo lilelile. Nitalala kwa mwalimu mkuu. Nitasikiliza tena mara moja." Kisha kwangu: "Na wewe, mzee, usiguse paneli."

Funsani alinipita bila kunitazama. Alimchukua Nelia wakaondoka kuelekea mlimani jua likiwa bado juu, wakizunguka nyumba kwa nyumba. Mimi nikaenda nyumbani kumwambia Falesi kabla hajaambiwa na wengine.

"Miaka hamsini na mmoja!" akasema. "Miaka hamsini na mmoja unaniambia mzungu kiziwi! Baba yangu alikuonyesha ule mlima kwa mkono wake. Ulikuwa unatazama nini?"

"Nilikuwa nakutazama wewe."

"Muongo."

Lakini alinipa mguu wa kuku siku hiyo, kwa hiyo sijui kama nilishinda au nilishindwa.

Jumatano nilikaa mbali, chini ya ukuta wa maktaba, mikono mapajani. Haya mengine nilisimuliwa na Nelia. Funsani alikiweka kishikwambi mezani, na pembeni yake akachora mlima ubaoni kwa chaki, na kuuzunguka akaandika majina matatu. Kwa upande wetu, mashariki, wazee walimwambia Nakhombe. Alipovuka upande wa magharibi, wazee wa kule wakamwambia Nakhombe ni nani, huu ni Chilapa, tangu babu zetu. Na katikati, Kaya, na mwaka, na sababu. Jina langu hakuliandika. Aliandika "mbeba mnyororo mmoja".

Madam Chavula akamwuliza tena yule binti wa mstari wa pili. "Lipi ni sahihi?"

Binti akatazama ubao, akatazama kioo, akatazama dirishani.

"Inategemea umesimama upande gani, madam."

Nelia anasema Madam aliacha kuandika. Akamwuliza Funsani, "Ulimfundisha kusema hivyo?"

"Hapana, madam. Hata mimi sikuwa nimefika hapo."

Matokeo aliyaacha kwa mwalimu mkuu kabla ya kupanda pikipiki. Funsani amefaulu. Alama hamsini na nne, si nyingi, lakini mstari wa kufaulu uko hamsini. Chikumbutso alipiga mbinja uwanjani mpaka mbwa wa shule wakaitikia. Sasa anataka kutuma marekebisho kwenye ile ramani ya simu, na anasema inawezekana, unaandika jina sahihi, unabonyeza. Kila akianza, Nelia anamwuliza, lipi? Simu ina nafasi ya jina moja. Mpaka leo hajabonyeza, na ndani ya ile ripoti wote watatu wamebadilisha maoni yao, sasa hata mimi sijui nani yuko upande wa nani. Nelia anasifu simu. Chikumbutso anataka kwenda kulowa miguu.

Sasa niambie wewe uliyesoma, kosa hili ni la nani? La mzungu aliyeandika bila kumwuliza mtu wa pili? La simu iliyoiga? La watoto waliotii? Au langu peke yangu? Falesi anasema ni langu. Mwalimu mkuu anasema ni historia, wala hajui kama hiyo ni nzuri au mbaya. Usiku nalala nikiwa na jibu, asubuhi limeondoka.

Lililonisumbua zaidi ni Funsani. Amefaulu, na hasemi nami. Siku mbili nzima ananipa chai na kuniamkia, basi. Nilimtania habari ya Msumbiji, hakucheka. Jana asubuhi nikamwambia, "Mjukuu wangu, nitukane tuishe."

Akaweka kikombe chini. "Nilikuuliza, Babu. Nilikuuliza wewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Na wewe ukacheka kwenye kikombe. Ulidhani sikuona?"

Sikuwa na mzaha wa kumpa. Niliutafuta, nakuapia, haukuwepo.

Baadaye akatoka na daftari na kigoda, akakaa mbele yangu juani. Hakusema nimekusamehe. Alisema, "Haya. Kijito kile kinaitwaje?" Nikamwambia. "Na kile kibonde?" Nikamwambia. Tulikwenda hivyo mpaka saa ya chakula, mawe, visima, njia ya zamani ya mnadani, mahali walipozikwa wale wa ndui. Kumi na saba nilivijua, maana miaka hamsini si michache hata kwa mkamwini. Vitatu sikuvijua. Nikasema sivijui. Niliona aibu ileile ya mwaka 1971, mbele ya mtoto wa mtoto wangu, lakini nilisema.

Akanitazama vizuri, mara ya kwanza tangu Jumanne. Kisha akaandika namba, moja, mbili, tatu, na mbele ya kila namba akaacha mstari mtupu.

Nisalimie dada yangu Esnati, mwambie goti alipake mafuta ya nyonyo. Nisalimie mkeo na mapacha wote wawili, kwa zamu. Mwalimu Gerevazio, jirani yako, mwambie bado namkumbuka na deni lake la stori. Falesi, Lezina na Funsani wote wanawasalimu. Mungu awape usingizi mzuri na mvua kwa kiasi.

Mimi mjomba wako nikupendaye bila kuulizwa,
Jelemani Kachigunda